Kuandaa Kanzidata Salama ya Taarifa Nyeti: Mwongozo kwa Vyama vya Ushirika na Ofisi Ndogo

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya afisa TEHAMA, au yule kijana wa kompyuta ambaye ofisi nzima humwita hata printa inapokwama, aliyekabidhiwa kazi ya kuhamisha taarifa za watu kutoka kwenye madaftari na faili za Excel kwenda kwenye kanzidata, yaani hifadhi ya taarifa iliyopangwa ndani ya kompyuta. Mfano utakaotumika ni wa chama cha akiba na mikopo cha wakulima wa zabibu chenye ofisi Makole, Dodoma mjini, na tawi dogo Hombolo, ingawa zahanati binafsi au shule itapita njia hiyohiyo. Programu ya kanzidata ni PostgreSQL, ambayo ni ya bure na ya chanzo huria, ikiendeshwa juu ya Ubuntu au Debian, mifumo endeshi ya Linux. Taasisi za umma zinaongozwa pia na Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019, hivyo zianze kwa kuwasiliana na Mamlaka ya Serikali Mtandao.

Ni vyema kujua mapema unamkinga nani na nini. Wengi humfikiria mdukuzi wa ng'ambo, na huyo yupo. Hata hivyo, kwa ofisi ya ukubwa huu, taarifa huvuja zaidi kupitia kompyuta iliyoibwa, flashi yenye nakala rudufu iliyosahaulika kwenye droo, mtumishi aliyepewa ruhusa zisizolingana na kazi yake, na nywila iliyoandikwa wazi ndani ya programu. Hatua zinazofuata zimepangwa kwa kuzingatia hatari hizo.

Hatua ya kwanza: amua usichokihifadhi

Kabla ya kusakinisha chochote, chukua fomu ya uanachama inayotumika sasa, pitia kila kipengele, na uulize kinatumika katika kazi gani. Fomu nyingi zimerithiwa kutoka enzi za karatasi na bado zinauliza dini, kabila, majina ya watoto na hata hali ya afya, ilhali hakuna afisa mikopo anayevisoma vipengele hivyo anapotathmini maombi. Kipengele kisicho na kazi kiondolewe kwenye fomu na kisiingizwe kwenye kanzidata.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Na. 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inataka taarifa zikusanywe kwa lengo mahususi na halali, zisizidi kinachohitajika kwa lengo hilo, na zisitunzwe kupita muda unaohitajika. Jambo ambalo viongozi wa vyama vya akiba hushangaa kulisikia ni kwamba sheria hiyo inahesabu miamala ya fedha ya mtu kuwa miongoni mwa taarifa binafsi nyeti, pamoja na taarifa za afya, za watoto na alama za kibayometria. Kwa maana hiyo, leja ya mikopo peke yake, hata bila jambo jingine lolote, ni taarifa nyeti.

Namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha Taifa, inahitaji kuangaliwa kwa makini zaidi. Ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa kwa mwenye kitambulisho. Anayehifadhi namba hiyo amehifadhi tarehe ya kuzaliwa, hata kama hakuweka safu ya tarehe. Na kwa kuwa laini za simu husajiliwa kwa namba hiyohiyo pamoja na alama za vidole, orodha yenye jina, NIDA, simu na kiasi cha mkopo kilichoidhinishwa jana ni mali ya thamani kubwa kwa matapeli. Kila mtu amewahi kupokea ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" na kuupuuza. Lakini ujumbe unaomtaja mwanachama kwa majina yake yote matatu na kumtaka alipie "ada ya bima" ya mkopo wa shilingi 1,800,000 alioomba juzi hautapuuzwa kirahisi.

Ukimaliza zoezi hili, gawa kilichobaki katika makundi matatu: taarifa za kawaida kama namba ya uanachama na tawi, taarifa za siri kama salio na marejesho, na taarifa za siri sana kama NIDA, simu na akaunti ya benki. Kundi la tatu ndilo litakalosimbwa moja moja, yaani kugeuzwa maandishi yasiyosomeka bila ufunguo, katika hatua ya tano.

Wakati huohuo, uongozi uanze taratibu za kujisajili Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi kama mkusanyaji wa taarifa, na uteue afisa atakayesimamia ulinzi wa taarifa hizo. Kazi hii si ya fundi wa kompyuta, ila fundi aikumbushe, kwa sababu mara nyingi hakuna mwingine ofisini anayeifahamu.

Hatua ya pili: andaa seva na mahali pake

Kama seva itakaa ofisini, iwekwe kwenye chumba kinachofungwa ambacho funguo zake ziko kwa watu wawili wanaojulikana, na kisiwe kile kinachotumika pia kama stoo ya mifagio. Vumbi la Dodoma kuanzia Juni hadi Oktoba huziba feni za kompyuta kwa kasi inayowashangaza wageni, hivyo panga kuipuliza seva kila mwezi katika msimu huo.

Diski isimbwe yote wakati wa kusakinisha mfumo endeshi, kwa kutumia LUKS, mfumo wa Linux wa kusimba diski, ambao kisakinishi cha Ubuntu na cha Debian hukupa kama chaguo. Faida yake ni kwamba mwizi akiondoka na mashine, anaondoka na chuma tu. Gharama yake ni kwamba kila seva inapowashwa upya lazima mtu aandike nywila ya diski, na umeme ukikatika saa nane usiku, mfumo hautarudi hadi mtu huyo afike. Wapo wanaoikwepa adha hii kwa kuandika nywila hiyo kwenye kijikaratasi na kukibandika nyuma ya mashine, jambo linalofuta kazi yote. Nunua UPS (betri ya akiba ya umeme) inayoweza kuibeba seva kwa nusu saa au zaidi na kuizima kwa utaratibu betri inapokaribia kwisha, kisha ukubali kwamba asubuhi fulani mfumo utachelewa kufunguka.

Seva ya kukodi kwenye wingu hukuondolea vumbi na umeme, lakini seva hiyo ikiwa nje ya nchi, unakuwa umesafirisha taarifa binafsi nje ya Tanzania, na sheria ina masharti yake kuhusu hilo. Suala hilo limalizwe na Tume kabla ya rekodi ya kwanza kuingizwa.

Mengine ni ya kawaida: sasisho za usalama ziingie zenyewe, kuingia kwa mbali kupitia SSH kuwe kwa ufunguo na si kwa nywila, na faiawoli, kichujio cha mawasiliano ya mtandao, izuie kila kitu isipokuwa kilichoruhusiwa kwa jina.

Hatua ya tatu: sakinisha PostgreSQL na ufunge milango

Baada ya kusakinishwa, PostgreSQL husikiliza maombi ya mashine yake yenyewe tu, kupitia mlango namba 5432. Tatizo huanza pale mtu anaposhindwa kuunganisha programu kutoka kompyuta nyingine, akakuta ushauri mtandaoni unaomwambia aweke nyota kwenye listen_addresses (mpangilio wa anwani ambazo seva husikiliza) na neno trust kwenye pg_hba.conf (faili ya nani anaruhusiwa kuingia). Nyota hufungua kanzidata kwa kila mtandao ambao seva imeunganishwa nao, na trust humruhusu yeyote kuingia bila nywila. Vyote viwili vikiwepo pamoja kwenye seva inayoonekana intaneti, ni suala la muda tu kabla mashine zinazozunguka zikikagua milango hazijaikuta.

Andika anwani halisi ya ndani badala ya nyota:

listen_addresses = 'localhost,10.20.0.2'
password_encryption = 'scram-sha-256'
ssl = on

Kisha andika pg_hba.conf upya, ukitaja nani anaingia, kwenye kanzidata ipi na kutoka wapi:

local    all       postgres                 peer
local    ushirika  nakala                   peer
hostssl  ushirika  programu  10.20.0.5/32   scram-sha-256
hostssl  ushirika  ripoti    10.20.0.8/32   scram-sha-256

Faili hii husomwa kutoka juu kwenda chini, na mstari wa kwanza unaolingana ndio unaotumika, ukipita au ukikataa. Mstari mlegevu uliobaki juu huifanya mikali yote iliyo chini yake isiwe na maana. Neno peer humruhusu mtumiaji wa mfumo endeshi mwenye jina hilohilo, na scram-sha-256 hudai nywila. Neno hostssl humaanisha kwamba mawasiliano yasiyosimbwa hayakubaliki. Kwa upande wa programu weka sslmode=verify-full, ili isiishie kusimba mawasiliano bali ihakikishe pia kwamba inaongea na seva yenyewe. Cheti ambacho Debian huja nacho hakitoshi kwa uhakiki huo. Tengeneza mamlaka yako ndogo ya vyeti ya ndani na utoe cheti chenye jina la seva.

Tawi la Hombolo lisiunganishwe moja kwa moja na kanzidata kwa namna yoyote. Watumishi wa tawi watumie programu kupitia kivinjari, na programu ndiyo izungumze na kanzidata.

Hatua ya nne: gawa ruhusa kwa kazi, si kwa cheo

Meneja hana haja ya ruhusa kubwa kwenye kanzidata kwa sababu tu ni meneja. Tengeneza watumiaji wanne: mmiliki wa majedwali ambaye haruhusiwi kabisa kuingia, programu, anayesoma na kuandika, ripoti, anayesoma tu, na nakala, wa kuchukua nakala rudufu.

CREATE ROLE mmiliki NOLOGIN;
CREATE ROLE programu LOGIN;
CREATE ROLE ripoti LOGIN;
CREATE ROLE nakala LOGIN BYPASSRLS;
GRANT pg_read_all_data TO nakala;
REVOKE ALL ON DATABASE ushirika FROM PUBLIC;
REVOKE ALL ON SCHEMA public FROM PUBLIC;

Baada ya hapo rudisha ruhusa moja moja, kuanzia ile ya kuunganisha. Mtumiaji ripoti asipewe jedwali la wanachama hata kidogo. Mtengenezee mwonekano (view) unaotoa namba ya uanachama, tawi na jumla za mikopo, bila simu wala NIDA. Sababu ni ya kila siku: ripoti ya mwezi hupakuliwa kuwa Excel, Excel hutumwa kwenye kundi la WhatsApp la wajumbe wa bodi, na kuanzia hapo hakuna faiawoli inayosaidia. Namba ya NIDA ambayo haikuwemo kwenye mwonekano haitafika huko.

Nywila za watumiaji hawa ziwekwe kwa amri ya \password ndani ya psql (programu ya kuandikia PostgreSQL amri), ambayo huibadilisha nywila kabla haijatumwa kwenye seva. Ukiandika ALTER ROLE yenye nywila wazi, nywila hiyo inaweza kubaki kwenye kumbukumbu za seva na kwenye historia ya amri zako.

Kwa matawi, PostgreSQL tangu toleo la 9.5 ina uwezo wa kuzuia rekodi moja moja:

ALTER TABLE mikopo ENABLE ROW LEVEL SECURITY;
CREATE POLICY tawi_lake ON mikopo
USING (tawi = current_setting('app.tawi'));

Programu hutaja tawi la mtumishi mwanzoni mwa kila muamala wa kanzidata, na karani wa Hombolo haoni mikopo ya Makole hata kama mwandishi wa programu alisahau kuweka sharti hilo kwenye swali, yaani ombi linalotumwa kwa kanzidata. Kinga hii ina mpaka wake. Inamlinda mtu dhidi ya usahaulifu wa mwandishi wa programu, lakini mshambuliaji anayeweza kupenyeza amri zake kupitia programu anaweza pia kubadilisha hiyo app.tawi. Kwa hiyo kila swali lipitishe thamani zake kama vigezo, na kamwe maandishi ya mtumiaji yasiungwe ndani ya sentensi ya SQL, lugha ya kuzungumza na kanzidata.

Hatua ya tano: simba taarifa za siri sana, na utenge ufunguo

Kusimba diski hulinda mashine iliyozimwa. Seva ikiwa inafanya kazi, diski imefunguliwa, na yeyote aliyefanikiwa kuingia anasoma kila kitu. Ndiyo maana safu za NIDA, simu na akaunti ya benki zinahitaji kusimbwa zenyewe, na zisimbwe na programu kabla hazijaifikia kanzidata, ili seva ya kanzidata isiujue ufunguo kamwe. PostgreSQL ina kiendelezi cha pgcrypto kinachoweza kusimba ndani yake, lakini ukikitumia lazima uipelekee seva ufunguo ndani ya swali, na swali hilo linaweza kuonekana kwenye kumbukumbu au kwenye orodha ya shughuli zinazoendelea. Kwa matumizi haya ninapendekeza uachane nacho.

Tumia AES-256, njia ya kusimba, kwa mtindo wa GCM kupitia maktaba inayoaminika ya lugha yako ya programu, kila thamani ikiwa na nonsi (namba ya matumizi ya mara moja) yake isiyorudiwa. GCM huruhusu kufunga maandishi yaliyosimbwa na taarifa nyingine isiyosimbwa. Itumie nafasi hiyo kuweka namba ya uanachama na jina la safu. Bila kufunga hivyo, mtu mwenye ruhusa ya kuandika anaweza kuhamisha simu iliyosimbwa ya mwanachama mmoja kwenda kwenye rekodi ya mwingine, na fedha za mkopo zikatumwa kusikostahili bila yeye kuuvunja usimbaji wowote. Ikifungwa, programu itakataa kuisimbua.

Swali linalofuata huwa ni hili: karani atamtafutaje mwanachama kwa namba ya simu kama simu zote zimesimbwa? Jibu la haraka ambalo wengi hulitoa ni kuhifadhi pembeni heshi ya SHA-256, yaani alama inayokokotolewa kutoka kwenye namba na isiyorudishwa nyuma. Kwa namba za simu jibu hilo ni bovu. Namba za mitandao yetu huanza na 06 au 07 zikifuatiwa na tarakimu nane, hivyo zote zinazowezekana hazizidi milioni 200. Kompyuta ya kawaida hukokotoa mamilioni ya heshi kwa sekunde. Mwizi atazikokotoa zote na kulinganisha ndani ya dakika chache. NIDA nayo hubanwa kwa namna hiyo, hasa kwa mtu ambaye siku yake ya kuzaliwa inajulikana. Tumia HMAC-SHA-256, yaani heshi inayohitaji ufunguo wa siri, na ufunguo huo uwe tofauti na ule wa kusimba. Jedwali litakuwa na simu_siri kwa ajili ya kusimbua, simu_tafuta kwa ajili ya kutafuta, na safu ndogo ya toleo la ufunguo ili siku ya kubadilisha funguo usilazimike kusimba upya rekodi zote kwa mkupuo.

Nywila za watumishi wanaoingia kwenye programu ni suala jingine: hizo hazisimbwi, kwa kuwa hakuna anayehitaji kuzisoma tena. Zihifadhiwe kwa Argon2id, kutoka familia iliyoshinda shindano la kimataifa la mbinu za kuhifadhi nywila mwaka 2015.

Funguo zikae kwenye seva ya programu, nje ya folda ya msimbo, kwenye faili inayosomwa na mtumiaji mmoja tu wa mfumo. Zisiingie kwenye Git (mfumo wa kutunza matoleo ya msimbo), hata kwenye hazina ya faragha. Na kwa kuwa ufunguo ukipotea taarifa nazo zimepotea, ichapwe nakala yake, iwekwe kwenye bahasha iliyofungwa na kusainiwa juu ya gundi na watu wawili, na ihifadhiwe kwenye kasiki la chama au benki. Fundi aliyejenga mfumo asiwe mtu pekee mwenye ufunguo.

Hatua ya sita: weka kumbukumbu za nani alifanya nini

Washa log_connections na usakinishe pgaudit, kiendelezi kinachoandika nani alisoma au kubadilisha jedwali lipi. Kumbuka kwamba kumbukumbu zenyewe zinaweza kuvujisha taarifa: weka log_parameter_max_length = 0 ili thamani za maswali zisiandikwe, na uache pgaudit.log_parameter ikiwa imezimwa. Kumbukumbu zitumwe kwenye mashine nyingine papo hapo, kwani anayefanikiwa kuvamia seva huanza kwa kufuta nyayo zake. Mtu mmoja apangiwe kuzisoma kila wiki, akitafuta hasa walioingia nje ya saa za kazi na waliosoma rekodi nyingi kwa mara moja.

Hatua ya saba: nakala rudufu

Nakala rudufu ni kanzidata nzima katika faili moja linaloingia mfukoni, kwa hiyo inastahili ulinzi uleule. Isimbe kabla haijagusa diski, kwa programu ya age, ambayo hutumia ufunguo wa umma kusimba na ufunguo wa siri kusimbua. Seva iwe na ule wa umma tu:

set -o pipefail
pg_dump -Fc ushirika | age -R umma.txt > ushirika.dump.age

Mstari wa kwanza usiachwe. Bila huo, pg_dump ikishindwa, age itasimba kilichopatikana, hata kama si kitu, na hati ya amri itatangaza kwamba kazi imekamilika. Pia usishangae pg_dump ikigoma kwa mtumiaji asiye na BYPASSRLS (ruhusa ya kupita sera za rekodi): hukataa kuchukua jedwali ambalo sera ya rekodi ingelipunguza, nayo ina haki, kwa kuwa nakala yenye mikopo ya tawi moja haina msaada.

Weka nakala moja ofisini, moja nje ya ofisi, na moja nje ya mji kabisa, Singida au Morogoro, mahali ambapo moto au wizi wa Makole hautafika. Kila mwezi irudishe nakala moja kwenye mashine ya majaribio, hesabu wanachama na ulinganishe jumla ya mikopo na leja. Mashine hiyo isafishwe baada ya jaribio. Msanidi programu anayehitaji data ya kufanyia kazi apewe ya kubuni, si nakala hii.

Panga pia muda wa nakala kufutwa. Mwanachama aliyejitoa na taarifa zake zikafutwa bado yumo kwenye nakala za nyuma. Kama nakala hutunzwa siku 90, basi ndiyo siku atakazoendelea kuwepo, na aelezwe hivyo anapouliza.

Hatua ya nane: jaribu kabla ya kufungua

Unganisha kompyuta mpakato na intaneti ya simu yako, nje ya mtandao wa ofisi, na ujaribu kuufikia mlango 5432 wa anwani ya umma ya ofisi. Usipate jibu lolote. Rudi ndani, ingia kama ripoti na uombe jedwali la wanachama. Upate permission denied. Jaribu kuunganisha programu kwa sslmode=disable; ikataliwe. Hamisha thamani ya simu_siri kutoka rekodi moja kwenda nyingine kwenye mashine ya majaribio, kisha ufungue rekodi hiyo kwenye programu; isisimbuke. Zima umeme wa ukutani ukiwa umesimama hapo, uone kama UPS inaizima seva kwa utaratibu, halafu mpe nywila ya diski yule mtu wa pili aliyeteuliwa na umwache aiwashe mwenyewe bila kumsaidia.

Kisha andika ukurasa mmoja wa nini kifanyike taarifa zikivuja: nani anachomoa waya wa mtandao bila kuzima mashine, nani anahifadhi kumbukumbu, nani anabadilisha funguo na nywila, na nani anaijulisha Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mara tu tukio linapobainika. Ukurasa huo uwe na namba za simu, uchapwe, na ubandikwe ndani ya mlango wa chumba cha seva, kwa sababu siku utakapohitajika huenda mfumo ndio uliozimwa.